Mayai Mamilioni, Samaki Wachache: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Uzazi wa Samaki wa Pwani

Maswali ya mwezi huu yametoka Moshi, Arusha na miji ya jirani, na yote yanahusu samaki wa baharini. Samaki wa Tanga hufika katika masoko yetu kwa barabara ya Korogwe na Same, na anayemnunua, anayempika au anayemfundisha darasani ana haki ya kujua namna anavyozaliwa na kwa nini mwaka mmoja huwa tele na mwaka mwingine huadimika.

Swali: Mimi ni mama muuza samaki katika soko la Mbuyuni, Moshi. Mzigo wangu hutoka Tanga ukiwa kwenye barafu. Ipo miezi ambayo karibu kila tasi ninayempasua ana mayai tumboni, kisha juma moja au mawili yakipita simwoni hata mmoja mwenye mayai. Wateja wangu husema kwamba samaki wakiwa na mayai mengi mwaka huu, mwakani watajaa sokoni na bei itashuka. Je, ni kweli?

Jibu: Mama, ulichokiona wewe ni sahihi, lakini wanachokisema wateja wako si sahihi, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Samaki wengi wa pwani yetu wanaweza kutaga karibu mwezi wowote, kwa kuwa maji ya ukanda wa joto hayapoi sana, ila hawatagi kwa kiasi kilekile mwaka mzima. Kwa aina nyingi, kilele cha uzazi huangukia majira ya kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, pamoja na malelezi, yaani vipindi ambavyo pepo mbili hupokezana na bahari hutulia. Wakati huo maji huwa na joto zaidi, mawimbi hupungua, na mkondo wa pwani, ambao husukuma maji kuelekea kaskazini, hupunguza kasi yake. Upepo wa kusi unapovuma, mkondo huo hukimbia, na mayai yanayoelea yangeweza kuchukuliwa mbali na miamba kabla ya watoto kupata nguvu ya kuogelea.

Ndani ya majira hayo, samaki hufuata pia mwezi. Tasi unayemuuza hukusanyika kwa wingi katika siku zinazozunguka mwezi mpevu, mahali palepale msimu hadi msimu, hutaga, kisha kundi lote hutawanyika. Mikusanyiko ya namna hii imechunguzwa kusini mwa pwani ya Kenya na pia Shelisheli, karibu na kisiwa cha Praslin, ambako wavuvi wa madema waliijua muda mrefu kabla ya watafiti kufika na vifaa vyao. Kwa hiyo mzigo uliovuliwa kabla ya mwezi kukamilika utakuwa na matumbo yaliyojaa, na ule uliovuliwa siku chache baadaye utakuwa na matumbo yaliyonyauka. Hakuna aliyekupunja, samaki wametaga tu.

Sasa tuje kwenye matumaini ya wateja wako. Mayai ya changu, chewa, kibua na samaki wengine wengi hurutubishwa nje ya mwili: majike na madume hupanda pamoja kuelekea juu, huachia mayai na mbegu kwa wakati mmoja, kisha huondoka bila kuyatazama tena. Kila yai huwa na upana wa milimita moja au pungufu, huelea kwa sababu ya tone la mafuta lililomo ndani yake, na katika maji ya uvuguvugu kama yetu huanguliwa baada ya siku moja hivi. (Tasi ana desturi yake: mayai yake hunata chini, juu ya mchanga au majani ya bahari, ingawa watoto wake nao huingia katika maji ya wazi wakisha kuanguliwa.) Kiluwiluwi anayetoka katika yai hana mdomo uliokamilika. Huishi siku chache kwa akiba ya kiini, na akiba hiyo ikiisha ni lazima akutane na chakula cha kumtosha, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, la sivyo atakufa kwa njaa. Wakati huohuo yeye mwenyewe ni chakula cha karibu kila kiumbe kinachomzidi ukubwa. Maisha hayo ya kuelea huchukua kati ya wiki mbili na nane kwa samaki wengi wa miamba. Ndipo wale waliosalia hutafuta mwamba, mikoko au majani ya bahari na kutua.

Fanya hesabu ndogo. Idadi ya samaki wa aina fulani ikibaki ileile kizazi hadi kizazi, maana yake ni kwamba kila jike, katika mayai yote aliyotaga maishani mwake, ameacha kwa wastani watoto wawili tu waliofikia utu uzima. Awe ametaga laki mbili au milioni tano, waliobaki ni wawili. Kwa hesabu hiyo, wingi wa samaki wa mwakani hautegemei sana wingi wa mayai uliyoyaona, maadamu wazazi bado ni wa kutosha. Unategemea zaidi kilichotokea katika majuma yale machache ya kuelea. Badiliko dogo mno la uwezekano wa kupona, kwa mfano kutoka wawili kati ya milioni hadi wanne kati ya milioni, linatosha kuongeza samaki mara mbili.

Mtu aliyelionyesha jambo hili kwa uwazi ni Johan Hjort, mtafiti wa samaki wa Norwei, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1914. Alipima umri wa samaki aina ya heringi kwa kuhesabu pete za magamba yao, akagundua kwamba mwaka baada ya mwaka nyavu za Norwei zilikuwa zikivua kwa wingi rika moja tu, lile lililozaliwa mwaka 1904. Rika hilo lilitawala mavuno kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali marika ya miaka mingine yalikuwa hafifu mno. Wazazi walikuwa wametaga kila mwaka. Ni mwaka mmoja tu ambao watoto wengi waliponea. Hata leo wataalamu wanaendelea kuchunguza sababu za bahati ya namna hiyo, na wana zana nzuri zaidi, kwa kuwa mwaka 1971 mtafiti Giorgio Pannella alionyesha kwamba vijiwe vilivyomo katika sikio la samaki hujiandika pete moja kila siku, hivyo siku aliyozaliwa samaki mchanga inaweza kuhesabiwa nyuma na kulinganishwa na hali ya bahari ya siku hiyo.

Kwa biashara yako, Mama, tofautisha samaki wa maisha mafupi na wa maisha marefu. Dagaa wa baharini huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo msimu mbaya mmoja huonekana sokoni papo hapo. Chewa huishi miaka mingi, na kundi lake lina marika mengi kwa pamoja, hivyo msimu mbaya hufidiwa na mzuri uliotangulia. Lakini kundi la chewa likisha kupunguzwa hadi kubaki na rika moja au mawili ya vijana, kinga hiyo hutoweka, nalo huanza kuyumba kama la dagaa bila kuwa na kasi ya dagaa ya kuzaliana upya.

Swali: Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari, Arusha. Niliposoma na wanafunzi wangu kwamba chewa hubadili jinsia, darasa zima lilipinga. Naomba maelezo ya kutosha, pamoja na athari zake kwa idadi ya samaki.

Jibu: Mwalimu, ulilowasomea ni kweli, nalo si jambo la ajabu baharini. Chewa wengi, pono, na aina kadhaa za changu huanza utu uzima wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokua wakubwa. Ogani iliyokuwa ikitengeneza mayai hujijenga upya na kuanza kutengeneza mbegu, kwa kuongozwa na homoni, na mara nyingi kinachoanzisha badiliko hilo ni hali ya kundi. Mfano uliochunguzwa kwa makini ni wa samaki mdogo msafishaji, yule anayekula vimelea kwenye ngozi za samaki wakubwa, ambaye hupatikana pia katika miamba yetu. Dume mmoja humiliki majike kadhaa. Dume huyo akitoweka, jike mkubwa kuliko wenzake huanza kutenda kama dume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili au zaidi kidogo huwa na mbegu zinazoweza kurutubisha mayai.

Sababu yake inaeleweka tukijiuliza ukubwa humsaidia nani zaidi. Palipo na dume mmoja anayetawala eneo na kurutubisha mayai ya majike wengi, dume mdogo hapati karibu chochote, ilhali jike mdogo bado anaweza kutaga; basi ni faida kuanza kama jike na kugeuka baadaye. Palipo na wawili tu wasioweza kuondoka, mambo hugeuka. Yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anayeishi ndani ya minyiri ya anemoni wa baharini, huanza akiwa dume, na mkubwa wa nyumba ndiye jike, kwa sababu mwili mkubwa hubeba mayai mengi zaidi. Jike akifa, dume wake hugeuka jike, na kijana aliyefuata kwa ukubwa huwa dume. Baba ndiye anayelinda mayai kwa muda wa wiki moja hivi hadi yaanguliwe.

Kuhusu athari zake, nadhani hapa ndipo somo lako linapogusa maisha. Mshipi na mkuki huchagua wakubwa, na katika chewa wakubwa ndio madume. Kundi linaweza kuonekana lina samaki wengi kwa hesabu, kumbe madume wamebaki wachache mno na sehemu ya mayai hairutubishwi. Baadhi ya aina hujirekebisha kwa kugeuka mapema, wakiwa bado wadogo, lakini marekebisho hayo yana gharama, kwa kuwa majike wanaobaki nao huwa wadogo na mayai yao ni machache. Usiwape wanafunzi hesabu ya nusu kwa nusu tuliyoizoea kwa mbuzi na kuku.

Swali: Nina mabwawa mawili ya perege huko Chekereni. Je, nikitia chumvi katika bwawa moja naweza kuzalisha changu?

Jibu: Hapana, ndugu, na chumvi siyo shida kubwa. Perege jike hubeba mayai yake mdomoni, mamia kadhaa tu, na watoto hutoka wakiwa tayari kula chakula unachowapa. Ndiyo maana mabwawa yako hujaa bila wewe kufanya kazi ya ukunga. Changu huhitaji maji ya wazi ya kutagia, na watoto wake wadogo mno huhitaji chakula hai cha kuelea cha ukubwa unaolingana na mdomo wao kila siku. Hata mwatiko, anayefugwa katika mabwawa ya maji chumvi huko pwani, hutaga baharini. Wafugaji wengi hutegemea vifaranga vinavyoingia vyenyewe katika vijito vya mikoko na kunaswa humo. Baki na perege.

Swali: Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Arusha. Wageni wengi hutaka samaki mzima anayetosha sahani, kwa hiyo tunaagiza changu wadogo, na kwa sherehe huagizwa chewa mmoja mkubwa sana. Nimeanza kujiuliza ni agizo gani linaloumiza bahari zaidi.

Jibu: Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa mtu ambaye uamuzi wake una uzito. Ninavyoona mimi, yote mawili yanaumiza, lakini chewa mkubwa anaumiza zaidi ya inavyodhaniwa.

Watu hufikiri kwamba samaki wa kilo kumi ana mayai sawa na samaki watano wa kilo mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za aina 342 za samaki wa baharini, ulionyesha kwamba katika aina nyingi mayai huongezeka haraka kuliko uzito. Mfano wake uliotajwa sana ni wa samaki aitwaye kodi, wa Bahari ya Atlantiki: jike mmoja wa kilo 30 hutoa mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo 2 kila mmoja, ingawa hao 28 wakiwekwa pamoja wana kilo 56. Zaidi ya hayo, katika aina kadhaa majike wakubwa hutaga mayai yenye akiba nono zaidi na kwa kipindi kirefu zaidi cha msimu, jambo linaloongeza uwezekano kwamba angalau baadhi ya watoto watakutana na chakula. Kwa chewa ongeza yale niliyomweleza mwalimu: huyo mkubwa akiwa si jike mwenye mayai mengi kuliko wote, basi ni dume ambaye kundi zima lilikuwa likimtegemea. Chewa wa namna hiyo alihitaji miaka mingi kufikia hapo, na mara nyingi hunaswa mahali pa mkusanyiko wa kutaga, ambapo mvuvi mmoja anayepajua anaweza kumaliza wazazi wa eneo kubwa katika misimu michache.

Changu wa sahani naye ana tatizo lake, kwamba mara nyingi hajawahi kutaga hata mara moja. Wachanga wengi hunaswa katika majani ya bahari na kandokando ya mikoko, ambako hukulia kabla ya kuhamia kwenye miamba. Ukipasua samaki katika majira ya kaskazi na ukakuta nyuzi mbili nyembamba tu mahali ambapo mayai au mbegu hupaswa kuwa, huenda ulimpata kabla ya wakati wake, hasa ikiwa kila samaki wa ukubwa ule katika mzigo yuko hivyohivyo.

Ningekushauri uwape wageni tasi aliyekwisha kukomaa, ambaye hukua upesi na kuanza kutaga mapema maishani, au kibua, ambaye naye hana maisha marefu na huzaliana kwa haraka. Mwambie anayekuuzia kwamba kwa changu utalipa zaidi ukipewa wa ukubwa wa kati, waliokwisha kutaga walau msimu mmoja.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Himo. Kama samaki hutaga mayai mamilioni, kwa nini tunaambiwa papa wanaweza kwisha?

Jibu: Marahaba. Ni kwa sababu papa hawatagi mamilioni. Urutubishaji wao hufanyika ndani ya mwili wa jike, na wengi wao huzaa watoto walio hai. Papa wa miamba wa kijivu huzaa mtoto mmoja hadi sita baada ya mimba ya karibu mwaka mzima. Papa potwe, anayeonekana karibu na Kisiwa cha Mafia, ni wa pekee: jike aliyenaswa Taiwan mwaka 1995 alikuwa na vijusi kama 300 tumboni, nao ni wengi kwa papa ingawa ni wachache ukilinganisha na mayai ya changu mmoja. Kwa mwendo wa kuzaliana, papa yuko karibu zaidi na tembo wa Tarangire kuliko na dagaa, na jarife, yaani wavu wa kutega, linalomnasa papa kama linavyonasa nguru halitambui tofauti hiyo.

Yupo mwingine mwenye uzazi wa polepole hata zaidi, naye ni silikanti, samaki mkubwa wa maji ya kina, ambaye dunia ilimdhania ametoweka tangu zama za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 ameonekana akinaswa katika nyavu za pwani ya Tanzania, hasa Tanga, na mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari huko kwa ajili yake. Uchunguzi wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huishi karibu miaka mia moja, hufikia uzazi akiwa na miaka 55 hivi, na hubeba mimba kwa miaka mitano. Silikanti jike anayenaswa leo akiwa kijana huenda alizaliwa kabla ya wazazi wako, na bado hajazaa.

Swali: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Kwa nini bahari isifungwe vivyo hivyo? Msomaji, Usa River.

Jibu: Ni kweli, upande wetu ziwa lile lilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Katika ziwa lile mavuno makubwa hutokana na aina chache, hasa dagaa na migebuka, na dagaa huzaliana haraka, hivyo miezi mitatu huleta nafuu inayoonekana. Bahari ya pwani ina mamia ya aina zinazovuliwa, na kila moja ina kalenda yake. Miezi itakayomfaa tasi huenda isimfae nguru. Kufunga kwa muda kunamfaa zaidi pweza, ambaye huishi mwaka mmoja na kitu tu na hukua upesi mno, na jamii za Songosongo na za Pemba zimekuwa zikifunga miamba yao kwa miezi michache na kuifungua tena kwa mavuno mazuri. Jike wa pweza hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa; akiachwa amalize kazi hiyo, mwamba hurithi watoto wake.

Chewa, pono na changu huhitaji mahali ambapo hapafunguliwi kabisa. Kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja kimelindwa tangu mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa na maeneo yasiyoruhusiwa uvuvi wowote. Faida yake haibaki ndani ya mipaka. Mkondo wa pwani huenda kaskazini, kwa hiyo viluwiluwi vilivyoanguliwa Mafia vinaweza kutua Unguja, Pemba au Tanga, na vya Tanga vikatua Kenya, ingawa utafiti wa miamba sehemu nyingi duniani umeonyesha pia kwamba sehemu ya watoto hubaki karibu na walikozaliwa kuliko ilivyodhaniwa zamani. Maeneo madogo kadhaa yaliyofungwa daima, yakipangwa kutoka Mtwara hadi Tanga kwa umbali ambao viluwiluwi vinaweza kuuvuka, pamoja na ulinzi wa mahali pa mikusanyiko katika siku za mwezi mpevu wa kaskazi, yangefanya kazi zaidi kuliko kufunga bahari nzima kwa miezi mitatu na kuifungua siku moja kwa nyavu zote.